Pambo la mgeni wa harusi: Kupendeza bila kukopa

Ijumaa ya leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, ilhali ndani ya nyumba zetu limekuwa likileta madeni, magomvi baina ya mume na mke, na wakati mwingine limewazuia ndugu wa damu kuhudhuria harusi za ndugu zao. Jambo lenyewe ni pambo la mgeni wa harusi: hereni, bangili, mkufu, mtandio, mkoba, viatu, kofia na manukato.

Pambo la bibi harusi hatulizungumzii hapa. Siku ile ni yake, na wazazi wake wanajua watakavyompamba. Tunamkusudia mwalikwa: shangazi, jirani, shoga, mama mdogo, binamu wa bwana harusi, yule anayepokea kadi wiki tatu kabla na tangu siku hiyo usingizi ukampaa akijiuliza atavaa nini.

Kwa mfano, tuitazame Kinole. Kata hii iko katika Wilaya ya Morogoro, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, na hufikiwa kutoka mjini Morogoro kwa barabara ya Bigwa. Ni makao ya ukoo wa Kingalu, watawala waliosifika tangu zamani kwa mambo ya mvua, ambao jina lao leo limebebwa na soko kuu la mjini Morogoro. Upande huu wa mlima hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi, na kwa sababu hiyo miteremko yake hustawisha ndizi, matunda, na viungo kama karafuu, iliki, mdalasini na pilipili manga. Waluguru wengi wa huku ni Waislamu, na harusi zao huwa nyingi katika miezi inayotangulia Ramadhani na katika Mfunguo Mosi baada ya Idi.

Mkulima wa Kinole hapokei mshahara mwisho wa mwezi. Fedha yake huja pamoja na mavuno na huondoka pamoja na ada za shule, dawa na pembejeo. Mialiko ya harusi haingoji karafuu ikauke. Hapo ndipo tunapoona tatizo la mapambo lilivyo zito kwake kuliko kwa mtu wa mjini.

Na tupige hesabu ya mfano. Tuseme kitambaa cha sare ni shilingi 30,000, mshonaji achukue 15,000, viatu 20,000, mkoba 15,000, na hereni pamoja na bangili za kung'aa 10,000. Jumla ni shilingi 90,000, na hapo hatujataja mchango wa harusi, zawadi wala nauli. Ikiwa msimu mmoja una harusi tatu, na kila moja ina rangi yake, hesabu hiyo hufika shilingi 270,000. Kila msomaji aliye mkulima aigawanye kwa bei anayolipwa shambani kwa mkungu mmoja wa ndizi, ndipo atakapoona ni migongo mingapi imebeba mikungu mingapi kushuka mlima kwa ajili ya saa nne za shughuli.

Asiye na fedha hizo ana njia mbili ambazo tumezizoea. Ya kwanza ni kukopa, na mikopo ya haraka tunaijua. Wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, na pamoja na kukausha damu ina riba ndani yake, jambo ambalo Muislamu hahitaji kukumbushwa hukumu yake. Njia ya pili ni kubaki nyumbani na kutuma salamu kwamba mtoto anaumwa. Hii ndiyo inayotuumiza zaidi. Kuitikia mwaliko ni miongoni mwa haki za Muislamu kwa Muislamu mwenzake. Ikiwa hereni zimekuwa sababu ya mtu kutoitimiza haki hiyo, basi hereni zimepewa cheo ambacho hazikustahili.

Dini haikukataza pambo

Wapo wanaodhani kwamba dawa ya israfu ni kuacha kujipamba kabisa. Sivyo. Katika Sura ya 7, Al-A'raf, aya ya 31 na ya 32, wanadamu wameamrishwa wachukue mapambo yao, wale na wanywe, na hapo hapo wakakatazwa kufanya israfu. Kisha wakakemewa wale wanaoharamisha mapambo ambayo Mwenyezi Mungu amewatolea waja Wake. Kwa hiyo pambo limehalalishwa na israfu imekatazwa katika mazungumzo yale yale. Muislamu anatakiwa asimame baina ya mawili hayo.

Vile vile, Sura ya 24, An-Nur, aya ya 31, inawakataza wanawake kupiga miguu yao ili ijulikane mapambo waliyoyaficha. Wafasiri wameeleza kuwa yaliyokusudiwa ni vikuku vya miguuni. Tunajifunza kuwa pambo lina mahali pake na watu wake. Lile linalovaliwa mbele ya wanawake wenzako ndani ya ua wa shughuli silo la kupita nalo barabarani mbele ya kila mtu.

Nguo ya dirham tano

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha makala hii. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba mama wa waumini, Bibi Aisha (R.A.), alikuwa amevaa nguo nzito ya pamba yenye thamani ya dirham tano. Alieleza kwamba zama za Mtume (S.A.W.) alikuwa na nguo ya namna ile ile, na hapakuwa na mwanamke wa Madina aliyetaka kupambwa ila alituma mtu kwake kuiazima. Ajabu ni kwamba wakati alipokuwa akiyaeleza hayo, kijakazi wake alikuwa akiona haya kuivaa nguo kama hiyo hata ndani ya nyumba.

Tuitafakari habari hii. Mji mzima wa Madina, katika kizazi bora kabisa cha umma huu, ulipamba wanawake wake kwa nguo moja ya kuazimana. Hapana aliyesema kuwa fulani kavaa nguo ya mwenziwe. Ikiwa hao waliopambwa kwa nguo hiyo walikuwa ni maharusi wenyewe, sembuse mgeni aliyekuja kula pilau na kupiga vigelegele?

Na Bibi Aisha mwenyewe aliazima. Katika safari moja alikuwa amevaa kidani alichoazima kwa dada yake Asma (R.A.), nacho kikapotea. Mtume (S.A.W.) alituma watu kukitafuta, msafara ukakaa mahali pasipo na maji, na katika tukio hilo ndipo iliposhuka aya ya kutayamamu. Msafara wa watu wazima ulisimama kwa ajili ya pambo la kuazima, kwa sababu lilikuwa amana.

Wazee wetu wana msemo kwamba cha kuazima hakisitiri maungo, na huenda msomaji akatuuliza tunaupeleka wapi. Tunasema msemo huo ni wa haki kwa yule anayeishi kwa kuazima na kujionyesha kuwa ni mali yake. Haukuletwa ili jirani amnyime jirani. Katika Sura ya 107, Al-Maun, wamekemewa wanaozuia vitu vidogo vidogo ambavyo watu husaidiana. Kidani kilichofungiwa kabatini mwaka mzima, na jirani anabaki nyumbani kwa kukosa cha kuvaa, kinaingia katika onyo hilo.

Kinole ina fursa kubwa katika jambo hili. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi nyingi ya ukoo hupita kwa njia hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo akina mama wakubwa, akina mama wadogo na mabinti zao aghalabu huishi karibu karibu, na mjomba huwa na sauti juu yao wote. Panapokuwa na nyumba tano za ndugu wa kike katika mteremko mmoja, hapana haja ya mikufu mitano. Jozi mbili za hereni nzuri, kidani kimoja, mitandio mitatu ya rangi zinazokubaliana na zote, na mkoba mmoja wa heshima, vyatosha kuzipeleka nyumba zote tano harusini kwa zamu.

Lakini kuazima kuna adabu zake. Omba mapema, usisubiri asubuhi ya harusi. Pokea mbele ya mwenyewe na mhesabu pamoja: hereni mbili, bangili sita, kidani na kifungo chake. Usimwazime mtu wa tatu bila idhini. Rudisha kesho yake, kikiwa kimefutwa jasho na marashi, wala usingoje kudaiwa. Kikipotea, sema siku hiyo hiyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mwenye kuazima hudhamini kitu kilichopotea mikononi mwake hata kama hakukusudia. Kwa hiyo usiazime kile usichoweza kukilipa. Asiye na uwezo wa kulipa mkufu wa dhahabu na aazime shanga.

Namna ya kuchagua

Kwa yule anayetaka kununua chake, tuna nasaha chache.

Kwanza, achague pambo moja liongoze na mengine yatulie. Akivaa kidani kikubwa, hereni ziwe ndogo. Akivaa hereni za kuning'inia, shingo ipumzike. Anayevaa vyote kwa pamoja hutumia fedha mara tatu na kupendeza mara moja. Tena anakaribia kumshinda bibi harusi, na hilo si adabu ya mgeni.

Pili, arejee kwenye kanga. Tangu mwisho wa karne ya 19 vazi hili limewapa wanawake wa Uswahilini hadhi kwa bei nafuu, na wanawake waliotoka utumwani Unguja waliliacha kaniki nyeusi wakavaa kanga ili waonekane kuwa ni waungwana kama wengine. Doti moja mpya iliyopigwa pasi, kipande kimoja kiunoni na kingine kichwani au begani, humtosha mgeni popote. Ila asome maandishi yake kabla ya kuvaa. Kanga yenye fumbo la kumchoma mke mwenza au jirani haifai kuingia nayo katika nyumba ya furaha.

Tatu, vipande vinavyobaki kwa mshonaji visitupwe. Kitenge kilichobaki hutoa kilemba au mkoba mdogo wenye bitana, na hata bangili kuu kuu iliyochubuka ikizungushiwa kitambaa hicho hurudi kuwa mpya, tena inafanana na nguo. Gharama yake ni uzi na nusu saa ya fundi.

Nne, ajihadhari na king'aacho. Bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 1,000 za Marekani kwa wakia moja mwaka 2008, ikavuka dola 2,000 mwaka 2020, na mwaka 2025 ikavuka dola 4,000. Wakia ni gramu 31 na ushei tu. Anayeuziwa "dhahabu" kwa bei ya soda ajue ameuziwa shaba au bati lililopakwa rangi. Si dhambi kuvaa kitu hicho, almuradi asidanganye watu wala asidanganyike mwenyewe. Dhahabu halisi hupimwa kwa karati: 24 ni safi, na 18 maana yake sehemu 18 kati ya 24 ndizo dhahabu na zilizobaki ni madini mengine. Mwenye kutaka kununua na aende kwa sonara anayefahamika na adai risiti.

Mapambo mengi ya bei ndogo huchanganywa na nikeli, madini ambayo huwasha ngozi za watu wengi, hata masikio yakatoka maji. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliyawekea mipaka katika mapambo tangu sheria ya mwaka 1994. Anayewashwa asilazimishe. Fedha safi, shanga za kioo, mbao na pembe ya ng'ombe hazina tatizo hilo. Bibi zetu wa pwani walijua thamani ya fedha: riale za Maria Theresa, zilizopigwa chapa ya mwaka 1780, ziliyeyushwa Oman na katika mwambao wetu zikafuliwa kuwa vikuku na bangili. Na kwa watu wa Uluguru tunaongeza kwamba huko Matombo, katika milima hiyo hiyo, ardhi yao hutoa rubi na spineli. Mlima wenye vito namna hiyo hauna sababu ya kuionea haya shanga yake.

Tano, hina. Mkono uliotiwa hina vizuri hauhitaji pete tatu, na hina haizuii maji ya udhu kama inavyofanya rangi ya kucha. Tahadhari ni juu ya piko nyeusi ya dukani, ambayo imetengenezwa kwa kemikali za kupaka nywele na imewababua wengi ngozi. Hina ya majani huacha rangi nyekundu au kahawia. Ile inayoacha weusi wa wino kwa dakika chache tuiogope.

Sita, manukato. Kinole ina karafuu mlangoni. Huko Unguja msio wa karafuu ni urembo wa mwili uliozoeleka, na kikuba cha asumini na mrehani hutengenezwa kwa maua yanayoota uani. Mambo haya ni ya kutumiwa nyumbani na katika ukumbi wa wanawake. Mwanamke anayepita barabarani na kupanda gari pamoja na wanaume asijitie harufu kali, kwani Mtume (S.A.W.) amelikataza hilo.

Saba, viatu. Tumewaona wageni wakishuka njia za mlimani kwa visigino virefu siku ya mvua, na mwisho wake ni kuvibeba mkononi. Avae kandambili au viatu vya mpira njiani, na vya shughuli avitie katika mfuko wa nailoni. Makubadhi ya ngozi ni ya heshima na hudumu miaka. Mwavuli nao tuuhesabu kuwa pambo, kwani huyalinda mengine yote.

Na wanaume je?

Wanaume wasitucheke, nao wana hesabu yao. Dhahabu na hariri ni haramu kwao, kwa hiyo mkufu na pete ya dhahabu, hata iwe ya ndoa, viondoke. Pete ya fedha inajuzu, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alivaa pete ya fedha iliyokuwa muhuri wake. Kanzu nyeupe iliyofuliwa na kupigwa pasi hushinda kanzu ya bei kubwa iliyokunjamana. Kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono huchukua wiki kadhaa za kazi, ndiyo maana bei yake ni kubwa. Aliyenayo aitunze, na baba na mwana waweza kuivaa kwa zamu. Asiyenayo, kofia ya kawaida iliyo safi yatosha.

Neno kwa wenye harusi

Tusiwalaumu wageni peke yao. Mwenye harusi ndiye anayefungua mlango au kuufunga. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba chakula kibaya zaidi ni kile cha walima wanachoitiwa matajiri na maskini wakaachwa. Siku hizi hapana anayeandika kwenye kadi kwamba maskini wasije. Lakini sare ya shilingi 30,000, inayouzwa duka moja tu, na asiyekuwa nayo akatengewa viti vya nyuma, huyasema hayo hayo kwa lugha nyingine.

Nasaha yetu ni kwamba familia itangaze rangi, isitangaze kitambaa. Wakisema kijani, atakayeweza atashona gauni, mwingine atavaa kanga yenye kijani, na bibi wa watu atafunga mtandio wa kijani alioazima kwa binti yake, na wote wataonekana katika picha kuwa ni jamaa moja. Wakitaka sare kwa lazima, basi waitoe wao. Na mpiga picha na mshereheshaji waagizwe wasimrukie mtu kwa sababu ya nguo yake.

Tukumbuke pia kwamba Mtume (S.A.W.) alimwambia mtu aliyetaka kuoa na hana kitu atafute mahari japo pete ya chuma. Ndoa yenyewe iliruhusiwa kusimama juu ya chuma. Haiwezekani mgeni wa ndoa hiyo asiruhusiwe kuingia ila kwa dhahabu.

Ndugu zetu wa Kinole na Waislamu wote mahali popote mlipo, harusi ikifika safari hii, akina mama wa ukoo mmoja kaeni jioni moja, fungueni makasha, mtandike mkeka na kila mmoja atoe alichonacho. Mtashangaa wingi wa vitu mnavyomiliki mkiwa pamoja. Wenye kuazimana na waazimane, wenye kushona na washone, na aliyekuwa akijiandaa kutuma salamu kwamba mtoto anaumwa afuatwe nyumbani kwake na aambiwe kuwa hereni zake zipo tayari.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa zetu, atukinge na riba na israfu, na atupambe kwa pambo la uchamungu. Amin.

Wabillahi tawfiq.